Herufi Ndogo Kwenye Kioo cha Kikokotoo

Sauti ninayoikumbuka zaidi katika utoto wangu ni ya mchanga. Ulikuwa ukichururika ndani ya ukuta, nyuma kidogo ya kichwa changu, taratibu, kama mtu anayechekecha unga chumba cha pili naye hataki kuwaamsha wenzake. Ulianza, ukanyamaza, na nilipokuwa nimeshaanza kuusahau ukaanza tena. Nilikuwa kidato cha pili wakati huo, nikilala na Bibi kwenye samadari yake ya mbao nzito iliyokaa kichwa kwenye ukuta wa nyuma, ghorofa ya juu, nyumbani kwetu Kibokoni. Nilimwuliza, "Bibi, wasikia?" Naye, bila ya kufungua macho, akanijibu, "Nyumba yajikuna mgongo. Lala." Nilicheka, maana Bibi alikuwa mtu wa kuchekesha, kisha nikalala. Lakini asubuhi, nilipokuwa nikikunja shuka, nilikuta vumbi jeupe kwenye mto wangu, laini kama poda ya mtoto mchanga, na nilipolinusa lilikuwa na harufu ya chokaa iliyolowa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zilikuwa nene hata paka akijinyoosha dirishani bado nafasi ilibaki ya kuweka birika. Dari ilikuwa ya boriti za mikoko, nyeusi kwa moshi wa miaka. Kwa mbele tulitazama njia wanayopita watalii wakitoka Ngome ya Yesu, nao walisimama wakaupiga picha mlango wetu bila ya kujua kuwa nyuma yake kuna mtu amechutama anafua soksi. Kwa nyuma tulibanana na nyumba nyingine, na katikati palibaki kichochoro ambacho hata mimi, niliyekuwa mwembamba kama ufito, nilikipita kwa ubavu. Jua halikufika humo. Masika, maji ya mapaa mawili yalimwagikia humo, yakasimama, na kuta zikayanywa polepole. Mama alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani, akitupigia simu kila Ijumaa. Mimi nililelewa na Bibi, mamake mama, pamoja na Mjomba Twaha, ambaye alikuwa karani kwenye ghala moja huko Shimanzi na alikaa chumba cha mbele na mkewe na watoto wao wadogo. Vyumba vya chini tulipangisha. Bibi alizaliwa katika kile chumba cha nyuma, akaolewa humo, akazaa humo, na alikuwa akisema waziwazi kwamba humo atatoka akiwa amebebwa. Alilisema kwa furaha, kama mtu anayepanga safari.

Kwetu, mwezi wa Shaaban nyumba hupakwa chokaa ili Ramadhani iikute safi. Chokaa huloweshwa kwenye pipa, hutiwa chumvi kidogo na buluu ya kufulia, na harufu yake hukaa puani mpaka futari ya kwanza. Vyombo husogezwa, nyufa huzibwa kwa matambara na chokaa nzito, kisha brashi hupita juu. Nilizipenda sana siku hizo. Nilikuwa mtoto wa kuota ndoto mchana, nikikaa ngazini kuitazama nyumba ikigeuka nyeupe, nikijiambia kuwa nikiwa mkubwa nitajenga nyumba yangu mwenyewe, yenye madirisha pande zote, na Bibi nitampa chumba kinachozunguka kama feni ili jua limfuate siku nzima. Sikuwahi kufikiri, mpaka masika yale, kwamba desturi nzuri kama ile inaweza kuficha jambo. Ufa uliokuwa umetambaa mwaka mzima ulizikwa kwa asubuhi moja. Kila Ramadhani nyumba ilianza upya kama kwamba haijapata kupasuka, na kama ungetuuliza iwapo nyufa zinaongezeka, hakuna kati yetu ambaye angeweza kukujibu.

Mwaka huo masika yaliwahi, na Shaaban ikaingia katikati ya mvua. Fundi Sefu, aliyekuwa akitupakia kila mwaka, alikuja na ndoo zake, akaivuta samadari, kisha akaweka kiganja ukutani na kukiacha hapo, kama mama anayempima mtoto homa. Alichovya brashi, halafu akairudisha ndani ya ndoo bila ya kupaka.

"Bi Mkubwa, ukuta huu umelala," alisema.

"Uwache ulale," Bibi alimjibu. "Umesimama tangu sijazaliwa, wewe hungechoka?"

Fundi hakucheka, na hapo ndipo nilipoingiwa na baridi, kwa sababu Fundi Sefu huwachekea hata watu wanaomtukana. Alimwita Mjomba kando kwenye ngazi, nami nikawafuata na kikombe cha chai ili nipate sababu ya kusimama pale. Alisema yeye ana jicho tu, hana chombo cha kupimia pembe. "Tafuta mtu akupimie, Twaha. Ikiwa umeinama kufika digrii moja, mimi mamangu nisingemlaza hapa masika haya. Ikiwa ni chini ya hapo, nitazibaziba, tutamwomba Mungu." Mjomba alisimama akiitazama mvua. Kumtoa Bibi chumbani mwake siku chache kabla ya Ramadhani ilikuwa kama kumng'oa jino akiwa amelala. Bibi alikuwa ameshaahidi watu wa mtaani mkate wa sinia, alikuwa ameshaosha msala wake wa kuswalia na kuuanika. Mjomba hakuwa mtu wa kumwamrisha mamake. Akanigeukia mimi. "Wewe si wasoma hesabu za pembe shuleni?"

Hapo nimlete Mutheu, maana bila yeye hakuna kisa. Mutheu alikuwa rafiki yangu na mpangaji wetu wa chini, msichana wa Kikamba ambaye babake alifanya kazi reli. Jumapili alikwenda kanisani akirudi ananipitishia chapati, na mimi Ijumaa nilimpelekea biriani. Darasani tulikaa dawati moja. Yeye ndiye aliyekuwa na kikokotoo cha kisayansi, alichopewa na kakake aliyekuwa chuoni akisomea umeme, kabla ya sisi kuruhusiwa kukitumia, kwani kidato cha pili tulikuwa bado tukitumia vitabu vya majedwali. Kwetu kile kifaa kilikuwa kama mnyama wa kufuga. Tulijifunza vitufe vyake kimojakimoja, tukiwa tumekaa kwenye ngazi baina ya kwao na kwetu. Tuligundua kuwa sehemu huandikwa kama zilivyo, moja juu ya nne, na kuna kitufe cha kuzigeuza kuwa desimali na kuzirudisha. Tuligundua kumbukumbu, ambapo ukiweka namba leo na kukizima, kesho utaikuta palepale. Kulikuwa na kitufe cha kubahatisha kinachotoa namba yoyote, nacho tukakifanya kadhi wetu: atakayepata namba ndogo ataosha vyombo vya nyumba zote mbili. Kulikuwa na alama ya mshangao inayozidisha namba kwa zote zilizo chini yake. Tukapanda nayo mpaka sitini na tisa, kikajibu kwa namba ndefu hata ikabidi ifupishwe, na tulipotia sabini kikaandika kuwa kuna kosa. Mutheu alicheka. Mimi ilinitisha kuona kifaa kile kina ukingo, na kwamba ukingo wenyewe uko hatua moja tu baada ya jibu zuri.

Likizo ya Aprili kakake Mutheu alikuja, akakiazima kwa masomo yake, akakirudisha siku aliyoondoka. Hatukuona tofauti yoyote. Vitufe vilikuwa vilevile, hata kibandiko cha ua tulichokibandika mgongoni kilikuwa bado kipo. Nasi tulipopewa kazi na Mjomba tulivimba vichwa. Tulichukua uzi wa kushonea, tukafunga jiwe la mizani ya Bibi, na Mjomba akapanda kwenye stuli akaushikilia uzi juu kabisa, pale ukuta unapokutana na boriti. Jiwe lilining'inia, likazunguka, likatulia. Chini, baina ya uzi na ukuta, palikuwa na uwazi unaoingia kiganja changu chote. Juu uzi uligusa ukuta, chini ulikuwa mbali nao, maana yake ukuta ndio uliokuwa ukija juu yetu. Nilimtazama Mjomba, naye akanisomea uso.

"Nyumba zote za mtaa huu ziko hivyo," alisema. "Lau zingekuwa zaanguka, sote tungekuwa twalala Kibarani, kwenye jaa la taka. Pigeni hesabu."

Tukapima kwa rula ya futi: chini, sentimita kumi na moja, kimo cha ukuta, mia tatu. Mutheu alinieleza kwa sauti kubwa ili na Bibi asikie, maana Bibi alikuwa amekaa kitandani akitutazama kama anayetazama sinema. Tan ya pembe ni upande ulioielekea pembe kugawanywa kwa upande ulio ubavuni mwake. Ukiwa unazo pande mbili na wataka pembe, unairudia njia kinyumenyume: unabonyeza shifti kwanza, kisha tan, ndipo unaandika kumi na moja juu ya mia tatu, unafunga mabano, sawasawa. Kioo kikajibu: sufuri, nukta, sufuri, tatu, sita, sita. Mutheu akakisoma. Akakisoma tena. Haikufika hata nusu ya digrii. Haikufika hata robo. Mjomba aliteremka stuli akamshika mamake mkono, na mara ya kwanza tangu fundi aondoke nikamwona akitabasamu.

"Nilikwambia," Bibi alisema. "Yajikuna tu."

Fundi Sefu aliitwa akaambiwa namba. Aliutazama ukuta, akamtazama Mutheu, akasema yeye hawezi kushindana na mashine. Alizizibaziba nyufa, akapaka, na chumba kikawa cheupe kama ndani ya yai. Samadari ilirudishwa ikasukumwa mpaka kichwa kikagusa ukuta. Mkewe Mjomba alipika kaimati, tukala sote ngazini, na Bibi akamwombea dua kakake Mutheu kwa kununua kitu chenye akili. Nakumbuka utamu wa shira midomoni na jinsi mvua ilivyokuwa ikipiga mabati ya jirani, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Mimi ni mtu wa kufurahi haraka, hata leo.

Siku zilizofuata zilikuwa na kitu ambacho sikujua kukitaja. Mchanga ulirudi, na sasa haukuwa wa vipindi vifupi. Mlango wa chumba ulianza kugoma kufungika. Tulidhani mbao imevimba kwa mvua, Mjomba akaipiga randa, na baada ya siku mbili ukagoma tena mahali pengine. Sisimizi waliokuwa wakiishi kwenye fremu ya dirisha tangu nizaliwe walihama kwa mstari mmoja mrefu, wakishuka ngazi, wamebeba mayai yao meupe. Bibi aliwatazama wakipita karibu na msala wake akasema, "Hata kwaheri hawasemi." Chokaa mpya ilitoa mstari mwembamba kama unywele juu ya kichwa cha kitanda. Kila nilipotaka kuogopa nilijikumbusha sufuri nukta sufuri tatu, kama mtu anayejifunika shuka. Namba ile ilikuwa imesemwa na kifaa kisichojua kusema uongo, nami nililala nayo.

Kisha siku moja darasani, mvua ikiwa imetufungia madirisha na taa zimewashwa mchana, mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Wafula, alisema leo wenye vikokotoo wavitoe, tulinganishe na majedwali. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta ubao kwa mkono wa shati. Akauliza sin ya thelathini. Darasa zima likaitikia, nusu, kwa sababu hiyo kila mtoto aliijua. Mutheu alibonyeza. Alibonyeza tena. Nilichungulia: kioo kilikuwa kimeandika alama ya kutoa, kisha sufuri nukta tisa, nane, nane.

"Mwalimu, changu kimeharibika," alisema.

Mwalimu Wafula alikuja akainama juu ya dawati letu. Hakubonyeza kitu chochote. Alisema, "Hakijaharibika. Tazama juu ya kioo, pale penye herufi ndogo. Mwaona nini?"

Palikuwa na herufi R, ndogo kama chawa. Hatukuwahi kuitazama, hata siku kakake Mutheu alipokirudisha. Mwalimu alilieleza darasa kuwa pembe ina vipimo zaidi ya kimoja, kama kitambaa kinavyopimwa kwa yadi au kwa mita, na kikokotoo hakitajua wewe unawaza kipimo gani. D ni digrii, R ni radiani ambazo tutazisoma tukiwa wakubwa, G ni gradi ambazo huenda tusizione maishani. Radiani moja, alisema, ni zaidi ya digrii hamsini na saba. Ukiwa na digrii na kifaa kiko kwenye radiani, kitakujibu bila ya kusita, kwa namba safi kabisa, na jibu litakuwa la swali jingine. "Kwa hiyo kabla ya yote, sin thelathini. Ikija nusu, endelea. Isipokuja nusu, usiamini chochote kilichotangulia." Akatuonyesha: shifti, modi, orodha inatokea, tatu kwa digrii. Herufi ikageuka kuwa D.

Watoto wengine walikuwa wakiandika. Mutheu hakuwa akiandika, na mkono wake ulikuwa umeshaanza. Shifti, tan, kumi na moja juu ya mia tatu. Aliniwekea kioo mbele yangu. Mbili, nukta sufuri, tisa. Digrii mbili na ziada. Nilisikia mvua nje, na nje ya mvua nikasikia, kama kwamba niko kitandani, ule mchanga.

Hatukungoja kengele. Sijui tulimwambia nini Mwalimu, nakumbuka tu kwamba alitutazama akasema, "Nendeni." Tulikimbia njia nzima, viatu vimejaa maji, Mutheu amekificha kikokotoo kifuani chini ya sweta. Mjomba alikuwa kazini. Bibi tulimkuta kitandani, mgongo wake umeegemea ubao wa samadari, na ubao umeegemea ukuta, anachambua mchele kwenye ungo.

"Bibi, tutoke hapa," nilisema.

"Twende wapi na mvua hii? Na wewe mbona umelowa kama kuku?"

"Ule ukuta umepita digrii mbili. Tulipima vibaya."

Aliendelea kuchambua. "Juzi kilisema nikae. Leo chasema nitoke. Kesho kitasema niolewe."

"Bibi, hakikudanganya," Mutheu alisema, akihema. "Kilikuwa kwa radiani."

"Radiani ni nani?"

Tulimwonyesha herufi, akasema macho yake hayaoni vitu vidogo kiasi hicho. Tulimwonyesha sin ya thelathini, akasema hiyo nusu ni yetu, tule wenyewe. Machozi yalinijia, nikapiga magoti kuvuta makubadhi yake kutoka uvunguni, nikiwaza kuwa nikimvalisha kwa nguvu labda atasimama. Na nilipoinamisha kichwa, mwanga wa dirisha ukiingia kwa chini, niliiona sakafu.

Sakafu yetu ilikuwa ya chokaa, na samadari ilikuwa nzito, kwa hivyo miguu yake ilikuwa imebonyeza vishimo. Havikuwa vishimo vinne. Nyuma ya kila mguu, kuelekea ukutani, palikuwa na alama zilizopandana, moja nyuma ya nyingine, kama ngazi ya mdudu. Kila Shaaban kitanda kilivutwa ili brashi ipite, kisha kikasukumwa tena mpaka kichwa kiguse ukuta. Na kila mwaka ukuta ulikipokea mapema kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Sisi tuliona kitanda kimegusa, tukaridhika.

"Bibi," nilisema kutoka uvunguni, "ulipoolewa kitanda hiki kilikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Kimegusa ukuta. Babu yako ndiye aliyekiweka."

"Njoo utazame."

Aliweka ungo kando. Alishuka polepole, akashika goti lake, akainama mpaka ushungi wake ukagusa sakafu. Alitia kidole katika kishimo cha nyuma kabisa, kile cha babu, kisha katika kilichofuata, na kilichofuata, akija mbele, kama anayesoma. Baina ya cha kwanza na mguu wa kitanda palikuwa na upana wa vidole vyake vitatu. Mwisho alisema, kwa sauti ndogo sana ambayo sikuijua, "Kumbe nasukumwa."

Aliinuka, akachukua mto wake, msala wake na kanga mbili. Hakuugeukia ukuta. Mlangoni tu alisimama akaweka kiganja kwenye fremu, akasema "Haya," kama unavyomwambia mtu mliyeishi naye, kisha akashuka. Mutheu alibeba ungo wa mchele. Jioni hiyo Mjomba alimpeleka Majengo kwa Khalti Zuhura, dadake mama, akafunga kile chumba kwa kamba, akatulaza sote mbele, na akawataka wapangaji wa nyuma wahamie ukumbini.

Ramadhani ilituingia tukiwa hivyo. Asubuhi moja, mvua imekatika na jua limetoka kali, nilikuwa kwenye ngazi na Mutheu tuliposikia mchanga kutoka nyuma ya mlango uliofungwa. Tulingoja unyamaze. Haukunyamaza. Ulikwenda, ukaongezeka, ukawa kama mtu anayemimina gunia, na mkewe Mjomba akatupigia kelele kutoka chini tuteremke, tukateremka na watoto mikononi. Kilichofuata watu wa mtaa walidhani ni lori limemwaga kokoto. Kichochoro chote kilitapika vumbi jeupe mpaka njia ya mbele, likatukalia nyusi na midomo, tukawa kama tumepakwa chokaa sisi wenyewe. Hakuna mtu aliyeumia. Mjomba alipofika na kufungua kamba, palikuwa na anga mahali pa ukuta, na samadari ilikuwa imepasuka katikati, upande wa vichwa umezikwa, upande wa miguu umeinuka juu. Mto wangu niliuona. Ulikuwa chini ya jiwe la ukubwa wa mtungi.

Bibi alipoambiwa aliuliza kitu kimoja, kama samadari imepona. Niliposema hapana, alinivuta kwake, akanipangusa vumbi masikioni kwa ncha ya kanga, na hakusema mzaha wowote siku hiyo. Aliishi Majengo mpaka akafa, katika chumba kizuri chenye dirisha, kwenye kitanda cha chuma. Nilipolala naye huko nilimwona kila alfajiri, kabla ya kufungua macho, akinyoosha mkono juu ya kichwa chake kuugusa ukuta. Kitanda kile kilikuwa katikati ya chumba. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kiwekwe hivyo. Mkono ulikuwa ukipapasa hewa kidogo, halafu unarudi kifuani.

Mimi sikwenda mbali na masomo. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ya kawaida, nyumba yangu ya madirisha pande zote bado naijenga kichwani, na kila ninapopata nafasi naongeza chumba. Mutheu yuko chuo bara, anasomea upimaji, na tukizungumza kwa simu hatuanzi na salamu, mmoja huuliza, "Herufi gani?" na mwenzake hujibu, "D." Nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya shule si mbali na Ngome ya Yesu, na msimu wa mitihani wanafunzi hufurika kununua vikokotoo. Kila kimoja nakifungua mbele ya mnunuzi, nabonyeza sin thelathini, namwonyesha nusu, namwonyesha pale juu pa kutazama. Wengi hunicheka. Wana simu mfukoni, wanasema, simu inajua kila kitu. Nawauliza simu yao inaonyesha wapi inapima kwa kipimo gani, wanaitazama, kisha wanaigeuza. Kibokoni nako maghorofa ya zege yanapanda baina ya nyumba za zamani, mafundi wanachimba misingi kando ya kuta ambazo hakuna aliyeziuliza, na Shaaban ikifika kila kitu hupakwa cheupe kama zamani. Ukipita utasema mji umezaliwa jana.

Mwezi huu ni zamu yetu. Duka limepakwa, linang'aa, mwenye duka amefurahi. Juzi, mchana, wateja wakiwa wamepungua na mvua inanyesha, nilikuwa nikipanga madaftari kwenye rafu ya nyuma nikasikia mtu anachekecha unga. Nilisimama bila ya kupumua. Mchanga ulinyamaza. Nilitia kidole kwenye rafu, nikakiangalia, nikakinusa. Kisha nilikwenda kaunta nikakata uzi, nikafunga kifutio kizito, nikatoa kikokotoo kipya ndani ya boksi. Mwenye duka aliniuliza nafanya nini. Nilimwambia anipe dakika moja. Nikabonyeza sin, thelathini, sawasawa, nikangoja.

Nusu. Ndipo nikapanda stuli na uzi wangu.